Maganda Mia Mbili

Wiki mbili baada ya kujifungua mtoto wangu wa pili, muuguzi wa kliniki alinipa tyubu ndogo ya mafuta ya kupaka kwenye chuchu zilizochanika. "Ni mafuta ya sufu ya kondoo," alisema. "Hayamdhuru mtoto, usiyafute." Nikafungua kifuniko pale pale kwenye benchi. Harufu ikanijia nzito, tamu kidogo, harufu ya mnyama aliyenyeshewa, na machozi yakanitoka mbele ya akina mama wengine waliokuwa kwenye foleni. Muuguzi alinipigapiga begani akasema maumivu yatapungua siku mbili tatu. Nilikuwa nimerudi La Rochelle, mtaa wetu wa Joburg, nina miaka minane, nimekaa kwenye sakafu ya saruji, vidole vinateleza kwa mafuta yale yale, nazungusha ganda la risasi.

Wenzangu mliokulia kusini mwa Joburg mnavijua vile vyumba vya uani: mlango wa bati, dirisha moja linalotazama kamba ya nguo za watu wengine, bomba la maji la pamoja. Chetu kilikuwa nyuma ya nyumba ya Dona Lurdes, mjane wa Kireno aliyezaliwa Msumbiji na kuzeekea pale mtaani. Tulikuwa wawili tu, Mama na mimi. Baba alibaki Uvira, mashariki mwa Kongo, na Koko, ndivyo tulivyomwita bibi, mama yake Baba, ambaye miguu ilikuwa imevimba hata hakuweza kufika kanisani, sembuse safari ya mabasi ya siku kadhaa. Mpango ulikuwa Baba atufuate Koko akipata nafuu. Miaka mitatu ikapita, Koko hajapata nafuu, na Mama bado alikuwa hajafungua begi moja la nguo lililokaa chini ya kitanda, kama mtu aliyeshuka kituoni anasubiri basi jingine.

Mama alikuwa msusi. Mchana alisuka kwenye saluni ya barabarani, jioni aliwasuka wapangaji wenzetu uani, chini ya taa ya kibaraza cha Dona. Dona alipenda kukaa pale na kikombe chake cha kahawa. Vidole vyake vilikuwa vimepinda kwa baridi yabisi, kikombe alikishika kwa viganja viwili. Jioni tatu mfululizo alimtazama Mama akigawa nywele mistari iliyonyooka kama imepigwa rula, kila msokoto unene mmoja na mwenzake. Jioni ya nne akasema, "Njoo ndani, Esperança, nikuonyeshe kitu." Jina la Mama ni Espérance. Dona aliligeuza la Kireno tangu siku ya kwanza, na Mama alilipenda, alisema linasikika kama jina la mtu mwenye shamba.

Dona alikuwa mpiga shabaha. Yeye na mumewe walisafiri miaka mingi kwenye mashindano, wakilala kifudifudi kwenye nyasi na kulenga karatasi iliyowekwa mbali kuliko urefu wa mtaa wetu. Mume alifariki, Dona akaendelea. Mikono ndiyo iliyoanza kumwangusha, tena si kwenye kufyatua, kwenye maandalizi, na hiyo ndiyo kazi aliyompa Mama.

Kazi yenyewe leo naweza kuieleza. Bunduki ikifyatuliwa, risasi huenda zake na ganda la shaba hubaki. Ganda linaweza kujazwa tena, mara nyingi tu, na anayetaka kulenga kwa uhakika hujaza yake mwenyewe ili yote yafanane. Lakini moto wa baruti huliharibu umbo: hulitanua, hulirefusha, huukaza mdomo wake ukawa mgumu. Kwa hiyo lazima liandaliwe kwanza. Lioshwe. Lizungushwe kwenye pipa dogo la umeme lililojaa magunzi ya mahindi yaliyosagwa, mpaka ling'ae. Lipakwe mafuta ya kondoo, kidogo sana, ndipo lisukumwe kwenye kalibu ya chuma kwa mashine ya mkono, lirudi kwenye kipimo chake. Likatwe urefu. Mdomo ukwanguliwe ndani na nje. Kitundu cha chini, pale fataki ya kuwashia baruti inapokaa, kitolewe masizi. Halafu lipimwe unene na uzito, liwekwe pamoja na yanayofanana nalo.

Baruti, fataki na risasi zenyewe Dona alizifungia ndani, kwenye sefu, pamoja na bunduki, na kazi ya kujaza aliifanya mwenyewe. Sisi tulishika maganda matupu. Mama alilijua hilo vizuri. Hakunieleza, kwa sababu hakudhani kuna cha kueleza. Aliona mtoto anasugua vyuma, basi.

Mimi maganda yale niliyajua tangu Uvira. Asubuhi baada ya milio tulikuwa tukitoka na watoto wa jirani kuyaokota barabarani. Ukiweka mdomo pembeni na kupuliza, yanalia kama filimbi. Tulishindana nani ana mengi. Kwa hiyo siku Mama aliporudi chumbani na ndoo nzima ya maganda, meusi mdomoni kama yale yale ya kwetu, sikuogopa hata kidogo. Nilifurahi. Nilidhani yametoka nyumbani.

"Kazi hii si ya kusimulia watu," Mama aliniambia. "Shuleni, kanisani, kwa mutu yeyote. Unanisikia? Watasema Wakongo wako na risasi ndani ya nyumba."

"Ndiyo, Mama."

"Dona iko na makaratasi yake yote. Lakini watu hawaulizi makaratasi."

Siri ilinithibitishia kila kitu. Siku chache baadaye nilimwuliza kwa nini tunayapima moja moja wakati yote ni sawa tu. Alikuwa amelishika ganda kwenye taya za kalipa, kile kifaa cha kupimia unene, jicho moja amelifumba.

"Si sawa. Lazima yawe sawasawa kabisa. Moja likizidi mwenzake, halifiki kule linakotumwa."

"Linatumwa wapi?"

"Mbali."

"Yataondoka lini?"

"Mwisho wa mwezi ujao. Dona anasafiri nayo. Mia mbili, na tumefika wapi? Sogeza taa."

Mbali. Yanatumwa. Dona anasafiri nayo. Mtoto wa miaka minane ambaye baba yake yuko mbali angefikiria nini kingine? Kila Jumapili baada ya ibada tulimpigia Baba simu, na kila Jumapili sauti yake ilikuwa imeshuka kidogo kuliko iliyopita. Usalama kidogo, alisema. Tunalala mapema, alisema. Baada ya simu Mama hakuweza kukaa. Alikuwa akichukua nguo zilizo safi na kuzifua tena, au anafagia ua wa watu wote mpaka kwenye geti, au anafungua mlango na kuufunga kama anamtegemea mgeni. Nami nikaambukizwa. Sikutulia darasani, sikutulia mezani, miguu yangu ilicheza yenyewe chini ya dawati mpaka mwalimu akaniweka mbele peke yangu.

Kilichonituliza ni maganda. Nilitoka shule mbio, nikivuka barabara wakati robot, zile taa za barabarani, bado nyekundu, nikatupa begi, nikakaa sakafuni. Kazi yangu ilikuwa mafuta na masizi. Mafuta yakizidi, ganda linabonyea kwenye kalibu, yakipungua, linakwama. Unapaka kwa ncha za vidole viwili, unazungusha mara moja, unaweka. Nilijifunza haraka hata Dona akasema "menina, huyu msichana, ana mkono wa mama yake." Nikawa nayanong'oneza yanapopita mkononi: wewe ni wa Baba. Na wewe. Na wewe. Yale ambayo Mama aliyakataa kwenye mizani niliyaonea huruma, nikayasugua zaidi nikidhani labda yataongezeka au kupungua.

Kulikuwa na hatua moja niliyokatazwa kuikaribia: moto. Mchana wa Jumamosi Dona alifunga mapazia ya stoo ili rangi ya shaba ionekane, akawasha kichomeo cha gesi. Mama alikuwa akizungusha mdomo wa ganda kwenye ndimi za moto mpaka ubadilike rangi, kisha analidondosha kwenye sinia. Moto huo hulainisha mdomo uliokazwa, uishike risasi kwa nguvu ile ile kama wenzake. Ukilitoa mapema, mdomo unabaki mgumu. Ukichelewa, ganda limekufa. Dona alimpa saa ya kuhesabia sekunde. Mama akaiweka pembeni. Alikuwa na sala moja fupi aliyoachiwa na mama yake. Aliianza ganda likiingia motoni, na kwenye amina alilidondosha. Nikichungulia mlangoni nilisikia: mnong'ono, kengele ndogo ya shaba kwenye sinia, mnong'ono, kengele. Dona alimpima kwa saa yake mara kadhaa, akaacha kupima.

Nilimwona Mama pale gizani, uso umeangazwa na moto wa buluu, anaziombea risasi za Baba. Sikuwahi kumpenda kama siku ile.

Jumapili iliyofuata Baba alipokea simu kwa sauti ya chini sana. Mama aliweka spika ili tusikie wote, tukakaa kitandani simu ikiwa katikati yetu.

"Mwanangu. Masomo?"

"Muzuri, Baba."

"Unamusaidia Mama?"

Hapo ndipo niliposhindwa kujizuia. Alikuwa ameniuliza mwenyewe! "Ndiyo, Baba. Usiogope tena. Mama na Dona wanakutengenezea risasi. Mia mbili! Zimebaki kidogo tu. Ninazipaka mafuta mimi mwenyewe."

Nikasikia mtu akikohoa kule upande wa pili. Hakikuwa kikohozi cha Baba.

Mama aliinyakua simu. Nilimsikia Baba akicheka, kicheko kirefu, cha mtu anayemchekea mtu mwingine aliye naye chumbani, akisema, "Ah, watoto na mafilamu yao." Halafu simu ikakatika.

Mama hakunipiga. Alipiga namba tena, mara nne, tano. Mwanamke wa Kifaransa, ile sauti iliyorekodiwa, akasema kwa adabu kwamba namba hiyo haipatikani. Ndipo Mama akateremka kitandani akakaa sakafuni, mgongo kwenye ukuta.

"Nani alikuambia ni za Baba yako?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Ulisema yanatumwa mbali."

Alichukua ganda moja kwenye sinia, akalishika karibu na macho yangu. "Angalia ndani. Kuna nini?"

"Hakuna kitu."

"Hakuna kitu. Ni ganda. Dona anapiga nayo karatasi. Ni mchezo, mwanangu. Kama mpira."

"Karatasi?"

"Karatasi." Kisha akaniuliza, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena kwake, "Yule aliyekohoa, ulimusikia na wewe?"

Siku zile Uvira watu wenye silaha walikuwa wakijipa vyumba katika nyumba za raia. Mmoja alikuwa amechukua sebule ya Baba wiki mbili kabla. Baba alikuwa ameshamwambia Mama kwa mafumbo, mimi sikuelewa. Sasa nikaelewa vya kutosha. Nilikuwa nimesema, mbele ya mtu mwenye bunduki, kwamba baba yangu anatumiwa risasi kutoka Afrika Kusini.

Sijui niwaelezeje wiki zilizofuata. Mama alipiga simu asubuhi kabla ya kazi, akapiga kutoka saluni, akapiga akiwa jikoni. Mwanamke yule wa Kifaransa hakuchoka. Mimi nilikuwa nahisi kikohozi kile ndani ya kifua changu mwenyewe. Nikisikia mtu amekohoa ndani ya teksi nilikuwa nashuka kituo kisicho changu. Sikuweza kula mkate nikaumaliza. Nilianza kuzunguka ua, kutoka bombani hadi getini na kurudi, mpaka wapangaji wakaniuliza kama nina minyoo. Mama hakunilaumu kwa neno hata moja. Ningependa angenilaumu. Alinisuka nywele jioni moja, mistari ikatoka imepinda, akafumua, akaanza upya, ikapinda tena.

Maganda hatukuyaacha. Safari ya Dona ilikuwa imekaribia na yalibaki kama sitini ya kupitisha motoni. Mama aliyapitisha. Mapazia yakafungwa, mnong'ono ukaanza. Nikiwa nje nilisikia kengele ya shaba ikilia bila mpangilio: mbili zinafuatana haraka, kisha kimya kirefu, kisha moja. Sala ilikuwa inamkatikia njiani.

Dona aliyajaza, akaenda kuyajaribu kwenye uwanja wa shabaha nje ya mji. Alirudi akagonga mlango wetu wa bati. Hakuwahi kugonga, kawaida aliita kutoka kibarazani. Mkononi alikuwa na karatasi kubwa iliyokunjwa.

"Esperança, nini kimetokea?"

"Hakuna, Dona."

"Usiniambie hakuna." Waliongea Kiingereza chao, cha Dona kimechanganyika na Kireno na cha Mama na Kifaransa, lakini siku hiyo kila neno lilikuwa wazi. Dona alikunjua karatasi kitandani. "Sanduku la kwanza, hili hapa. Risasi kumi, naweza kuzifunika kwa kisahani. Hili la pili, tazama. Juu, chini, juu, chini. Bunduki ni ile ile. Mimi ni yule yule. Baruti nimepima mwenyewe. Kilichobadilika ni moto wako."

Mama alipitisha kidole juu ya karatasi. Matundu yalikuwa yametawanyika kwenda juu na chini kama mtu aliyeandika kwa mkono unaotetemeka. Akasema, "Mume wangu amepotea."

Nikasema, "Ni mimi."

Nilieleza vyote, kwa Kiingereza, kwa sababu mimi ndiye niliyekijua vizuri kuliko wao. Risasi, simu, kikohozi. Nilitegemea Dona anikumbatie, kama wanavyofanya wanawake wazee. Hakufanya hivyo. Uso wake ulikuwa mwekundu, akamgeukia Mama. "Umemwacha mtoto afanye kazi mwezi mzima bila kumwambia anafanya nini?" Kisha akajigeukia mwenyewe, nadhani, kwa maana alikaa kwenye kiti chetu kimoja na kusema, "Na mimi nilimsifu mkono."

Jumamosi alituchukua sote wawili kwenye bakkie yake, gari dogo la mizigo. Tulipita migodi ya zamani, vile vilima vya mchanga wa njano, hadi uwanja uliozungukwa na tuta la udongo. Kulikuwa na wazee wengi wenye kofia, wakatusalimu, mmoja akanipa vizibo vya masikio. Dona alitandika mkeka juu ya jukwaa la mbao, akalala kifudifudi, polepole, goti moja kisha jingine. Alinielekeza kwenye darubini iliyosimama kwenye miguu mitatu.

Mlio ulinigonga tumboni. Nikashika darubini. Kule mwisho kabisa, kwenye karatasi nyeupe, palikuwa na kitundu cheusi. Mlio mwingine; kitundu cha pili, kimemgusa mwenzake. Cha tatu. Dona alipumua, akasubiri bendera ya upepo itulie, akafyatua. Baada ya kumi alinyanyuka akanitazama.

"Umeona?"

"Ndiyo."

"Unasemaje?"

Nilitaka kusema vizuri, kama nilivyofundishwa. Kilichotoka ni kilio. Nilipiga teke lile jukwaa la mbao, nikasema kwa sauti iliyowageuza wazee wote, "Ni karatasi tu! Ni karatasi tu!" Nilikuwa nimelala na risasi zile moyoni mwezi mzima. Nilikuwa nimemtia baba yangu mikononi mwa watu kwa ajili ya matundu kwenye karatasi. Mama alinishika mabega kwa nyuma. Dona alianza kuokota maganda yake yaliyotapakaa kwenye mkeka. Hakusema nyamaza, wala hakusema pole. Alipomaliza alisema, "Ndiyo. Ni karatasi. Mume wangu na mimi hatukutaka iwe kitu kingine." Sikumwelewa siku hiyo. Baadaye nilijua kwamba alitoka Msumbiji akiwa msichana, akikimbia vita, na alikuwa na sababu zake.

Njiani kurudi alimwambia Mama apumzike, mashindano yatakuja mengine, akipata habari za mume wake ndipo arudi kwenye kazi. Mama alikuwa anatazama nje. "Dona, nikikaa bure nitapata wazimu," alisema. "Nipe yale sitini. Nitayarudia." Dona akayaondolea risasi, baruti na fataki, naye akayarudia. Safari hii Dona alikaa kando yake na saa, akihesabu sekunde kwa sauti, kwa Kireno, na Mama alidondosha ganda kwenye namba badala ya amina. Mimi niliruhusiwa kuingia. Niliambiwa kila kitu kwa jina lake: hii gesi, huu mdomo, hiki ndicho tunachokitafuta. Sikuyanong'oneza tena.

Wiki ya sita simu ililia na namba ya Burundi. Mama aliipokea akiwa amesimama, akakaa, akasimama tena.

"Uko wapi? Uko wapi?" Ndilo neno pekee alilosema kwa dakika nzima. Halafu akanisukumia simu.

"Mwanangu," Baba alisema. "Masomo?"

Nilisema Baba, Baba, mpaka salio lake likaisha.

Alifika Joburg baada ya miezi mingine minne, kwa mabasi na kwa miguu. Tulimpokea kituo cha Park Station, amekonda, suruali imefungwa kwa kamba. Alininyanyua ingawa nilikuwa nimeshakuwa mzito. Alisema ametupa laini ya simu mtoni, ametembea mpaka mpakani, amekaa kwa binamu Bujumbura. Alisema Koko yuko salama, amebaki nyumbani, majirani wanamwangalia. Kila aliposema hivyo alitazama pengine. Miaka miwili baadaye Koko alifariki kule kule, na tukakaa matanga yake kwenye ukumbi wa kukodi Bellevue, hapa hapa Joburg, bila jeneza, picha yake ikiwa juu ya kitambaa cheupe. Baba hakulia. Alipanga viti, akavipangua, akavipanga upya.

Hakuna aliyewahi kunisemesha kuhusu ile simu. Nilikua nayo. Nilipofika miaka ishirini na mbili nikaona siwezi tena. Baba alikuwa mlinzi wa geti kwenye majengo ya ghorofa, na Jumapili moja mchana nilimpelekea chakula. Tulikaa kwenye kile kibanda chake cha vioo, sahani magotini. Nikamwuliza moja kwa moja kilichotokea siku ile.

Alikula kwanza. Gari likaja, akainuka akafungua, akarudi.

"Yule mutu alisikia, simu yangu ilikuwa na sauti ya juu," alisema. "Alicheka na mimi. Lakini alitoka nje kwenda kuongea na wenzake, na mimi nikajua. Nikamwambia mama yangu, Koko wako, twende, nitakubeba. Akasema, unibebe mpaka wapi na miguu hii? Akaniambia nipitie nyuma. Yeye alienda kukaa mlangoni, kwenye kiti chake, kama kila siku, ili waone nyumba iko na watu. Walipomwuliza alisema niko chooni. Aliwashikilia hapo muda mrefu, walinisimulia majirani. Mwanamke wa miguu mibovu."

"Walimfanya nini?"

"Hawakumfanya kitu. Walichukua mbuzi." Akaweka sahani chini. "Lakini mimi sikumwona tena."

Gari jingine likapiga honi. Akaenda, akasalimiana na dereva, akarudi akakaa. Nilikuwa nimeshika uma bila kula.

"Baba, kama nisingesema..."

"Ningebaki naye. Ningemzika mwenyewe." Alitazama geti. "Ao wangetuzika wote wawili. Wiki iliyofuata walichukua wanaume wa mtaa ule. Karibu wote. Hakuna aliyerudi." Alifuta midomo kwa kiganja. "Ulikuwa mutoto. Sijawahi kukukasirikia. Lakini usitake nikudanganye. Kuna siku nakushukuru. Naamka, namwona mama yako, nakushukuru. Na kuna siku siwezi. Namwona yule mwanamke kwenye kiti, siwezi."

Kioo cha kibanda kilikuwa na joto la jua, na mtaani watoto walikuwa wanagombania mpira mbele ya kiduka cha spaza.

"Na leo?" nikauliza.

Alinitazama kwa macho ya mtu anayetafuta jibu la kweli. Honi ikalia tena, mara mbili.

"Leo bado sijajua," alisema, akainuka kwenda kufungua geti.